Kuzalisha Samaki wa Kompyuta: Namna ya Kufuatilia Milia na Madoa Kutoka kwa Wazazi Hadi kwa Wajukuu

Mtu anayeishi Dodoma hahitaji kuelezwa kwa nini tangi la kioo lenye samaki wa mapambo ni anasa. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na katika mitaa mingi ndoo ya maji ina kazi kumi zinazoisubiri kabla mtu hajafikiria kuimwaga kwenye tangi. Nilipoanza kufundisha mada ya urithi kwa kidato cha nne nilijaribu hata hivyo. Nilinunua samaki sita, nikawatia kwenye maji yaliyotoka bombani moja kwa moja bila kuyaacha yakae ili dawa ipungue, na kesho yake asubuhi wote sita walikuwa wanaelea matumbo juu. Tangu siku hiyo nafundisha kwa samaki wa kompyuta, na mwongozo huu unaeleza namna ninavyowazalisha.

Samaki wa kompyuta, kwa maana ninayoitumia hapa, ni mstari mmoja wa jedwali unaobeba namba ya samaki, herufi za urithi alizopewa na baba, herufi alizopewa na mama, na maelezo ya sura yake. Picha ya kupendeza inaweza kuongezwa baadaye na mwenye muda. Vifaa vyenyewe ni kompyuta moja au simu janja yenye Excel au LibreOffice Calc (hii ya pili hailipiwi), pamoja na daftari kubwa la mistari, lile tunaloliita kaunta buku. Umeme wetu hukatika bila kubisha hodi, kwa hiyo mwenye kompyuta ya mezani ahifadhi kazi yake kila baada ya dakika chache.

Kuhusu istilahi, vitabu vya sekondari vya somo hili vimeandikwa kwa Kiingereza, na kila mwalimu ana tafsiri zake za darasani. Jeni ni chembe ya urithi inayoamua sifa fulani, na aleli ni namna mojawapo ya jeni hiyo. Kila samaki hubeba aleli mbili za jeni moja, yaani moja ya baba na moja ya mama. Aleli inayoonekana hata ikiwa peke yake nitaiita tawala na kuiandika kwa herufi kubwa, na ile inayoonekana pale tu inapokuwa mara mbili nitaiita fiche na kuiandika kwa herufi ndogo. Watoto wa samaki ni vifaranga, na kuwakutanisha dume na jike ni kupandisha, kama wasemavyo wafugaji wa mifugo mingine.

Hatua ya kwanza: chagua sifa tatu na uziandikie kanuni

Kazi hii ifanyike kwenye daftari kabla kompyuta haijawashwa. Wanaoanza hupenda kuweka sifa nyingi kwa pamoja, yaani rangi, mkia, macho, mapezi na ukubwa, na wanapofika kizazi cha pili hawajui tena wanahesabu nini. Nashauri sifa tatu tu, kila moja ikiwa na njia yake ya kurithiwa, na zote zichukuliwe kwa samaki halisi ili mwanafunzi asidhani kwamba tunacheza karata.

Sifa ya kwanza ni milia ya mlalo, ile inayopita ubavuni kutoka kichwani kwenda mkiani, na nimeikopa kwa furu wa Ziwa Victoria. Yuko furu wa upande wa kusini wa ziwa hilo anayeitwa kisayansi Pundamilia nyererei. Neno la kwanza ni Kiswahili chetu kabisa, na mwenye kumwona dume wake na mapau meusi ya wima ubavuni ataelewa limetoka wapi. Neno la pili ni la kumuenzi Mwalimu Nyerere, nalo limekuwapo tangu samaki huyo alipoelezwa kitaalamu mwaka 1985. Mapau ya wima anayo, lakini milia ya mlalo hana. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, walitangaza matokeo ya kumpandisha na furu mwingine mwenye milia ya mlalo, Haplochromis sauvagei, ambapo watoto wote walitoka bila milia na katika wajukuu milia ikarudi kwa takriban robo yao. Jeni inayohusika, ambayo wataalamu huiita agrp2, ni jeni ya kuzuia, maana inapofanya kazi kwa nguvu ngozini milia haijitokezi, na watafiti hao walipoiharibu kwa makusudi katika Pundamilia nyererei, milia ya mlalo ilionekana. Ndiyo sababu kutokuwa na milia ndiko kunakotawala, kwa kuwa nakala moja ya mzuiaji inatosha kuzuia. Andika kwenye daftari: M huzuia milia, m huiruhusu, na mwenye mm pekee ndiye mwenye milia.

Sifa ya pili ni giza la mwili, na hapa hakuna anayemtawala mwenzake. Mfano wake ni samaki wa mapambo atokaye mito ya Amerika Kusini, Pterophyllum scalare, mwembamba kama sahani iliyosimamishwa kwa ukingo. Kwake aleli ya weusi ikiwa moja, samaki huwa wa wastani, giza likionekana zaidi kwenye mapezi. Ikiwa mbili, huwa mweusi mwili mzima. Katika tangi letu gg atakuwa mweupe, Gg atakuwa wa kijivu na GG atakuwa mweusi. Ongeza kanuni moja zaidi, kwamba weusi wa GG hufunika milia, yaani samaki mwenye mm na GG ana milia katika urithi wake lakini jicho haliioni.

Sifa ya tatu ni doa jeusi kwenye pezi la mgongo, na hii ni ya madume peke yao. Mdenishi Johannes Schmidt alieleza mwaka 1920 kwamba katika samaki wadogo waitwao gapi doa hilo hutoka kwa baba kwenda kwa wana wa kiume, na mwaka 1922 Øjvind Winge akalifafanua kwa kromosomu Y, yaani uzi unaobeba jeni za kiume, ambao binti haupati kwa baba yake. Dume wa kawaida tutamwandika XY, jike XX, na dume ambaye Y yake imebeba doa tutamwandika XD.

Hatua ya pili: tengeneza jedwali

Mstari wa kwanza uwe wa vichwa vya safu: A ni namba ya samaki, B namba ya baba, C namba ya mama, D jozi ya milia, E jozi ya giza, F jinsia, G sura ya milia na H kiwango cha giza. Baba akae mstari wa 2 na mama mstari wa 3, kila mmoja akiwa na herufi mbilimbili katika safu za D, E na F. Mstari wa 4 na wa 5 uachwe wazi, na vifaranga waanzie mstari wa 6.

Katika kisanduku D6 andika fomula hii:

=MID(D$2,RANDBETWEEN(1,2),1)&MID(D$3,RANDBETWEEN(1,2),1)

Fomula hiyo huchagua kwa bahati nasibu herufi moja kati ya mbili za baba, kisha herufi moja kati ya mbili za mama, na kuziunganisha. Hicho ndicho kinachotokea mbegu na yai vinapokutana, na ni sawa na kurusha sarafu mbili za shilingi mia mbili, moja ya baba na nyingine ya mama. Shule isiyo na kompyuta inaweza kufanya zoezi zima kwa sarafu hizo, ila uvumilivu uwe mkubwa. Nakili fomula kutoka D6 kwenda E6 na F6, kisha uiburute kwenda chini kwa idadi ya vifaranga unaowataka. Kama kompyuta inaikataa, badilisha mikato iwe nuktamkato, kwa sababu mashine nyingine zimepangwa hivyo.

Katika G6 andika =IF(EXACT(D6,"mm"),"milia","bila"). Tafadhali usifupishe kwa kuandika D6="mm". Excel, inapolinganisha maneno kwa alama ya usawa, haitofautishi herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo kwake MM, Mm na mm ni kitu kimoja. Hili nililijifunza mbele ya darasa. Nilikuwa nimewaahidi vijana kwamba wajukuu watatoka robo wenye milia, nikaburuta fomula, na samaki wote arobaini wakatokea na milia. Kipindi kizima kikaishia kumtafuta mchawi, na mwanafunzi mmoja akauliza kwa adabu kabisa kama Mendel, yule mtawa aliyegundua kanuni za urithi, naye alitumia kompyuta yetu.

Katika H6 andika =LEN(SUBSTITUTE(E6,"g","")), ambayo hufuta herufi ndogo na kuhesabu kubwa zilizobaki: 0 ni mweupe, 1 ni kijivu, 2 ni mweusi. Jinsia haihitaji fomula nyingine, kwani mwenye XX ni jike na mwenye Y au D ni dume.

Hatua ya tatu: pata kizazi cha kwanza, kisha ukigandishe

Anza na wazazi safi, yaani wenye herufi mbili zinazofanana katika kila sifa. Baba awe MM, gg na XD. Mama awe mm, GG na XX. Kwa macho, baba ni mweupe asiye na milia mwenye doa mgongoni, na mama ni mweusi mtupu. Buruta vifaranga kumi. Wote watakuwa Mm na Gg, wote wa kijivu, wote bila milia, na madume wote watakuwa na doa.

Sasa kabla hujagusa kitufe chochote, teua vifaranga wote, nakili, kisha bandika mahali palepale kwa kuchagua Paste Special na halafu Values, ili fomula zifutike na zibaki herufi zenyewe. Usipofanya hivyo, kila unapoandika chochote kwenye jedwali kompyuta itarusha sarafu zake upya, na samaki uliyemwandika kwenye daftari dakika tano zilizopita atakuwa amegeuka mwingine. Katika kizazi cha kwanza utaona jinsia tu ikibadilika, kwa kuwa milia na giza ni sawa kwa wote. Maumivu huja kizazi cha pili.

Kugandisha kuna faida nyingine ya kimaadili. Kitufe cha F9 huzaa upya uzao mzima kwa sekunde moja, na niliwahi kuwakuta vijana wa klabu ya sayansi wakikibonyeza mpaka wapate 30 kwa 10 kamili, yaani robo yenye milia. Kanuni yangu tangu hapo ni kwamba uzao wa kwanza kutokea ndio unaoandikwa, uwe mzuri uwe mbaya.

Hatua ya nne: kizazi cha pili na hesabu yake

Chagua dume mmoja na jike mmoja kati ya vifaranga waliogandishwa, uwaweke mstari wa 2 na wa 3 wa ukurasa mpya, uwapatie vifaranga arobaini na uwagandishe. Kwa milia peke yake kama inavyosomeka katika safu ya G, bila kujali weusi unaofunika, matarajio ni samaki 30 bila milia na 10 wenye milia. Hutapata 30 na 10 isipokuwa kwa bahati.

Tuseme umepata 26 na 14. Je, kanuni imevunjika? Chukua tofauti ya kila kundi na matarajio yake, uizidishe kwa yenyewe, ugawanye kwa matarajio, kisha ujumlishe. Tofauti ni 4, mraba wake ni 16. 16 kwa 30 ni 0.53 na 16 kwa 10 ni 1.6, jumla 2.13. Mpaka unaotumika kwa makundi mawili ni 3.84, na chini ya hapo hakuna sababu ya kuitilia shaka kanuni. Lakini ukipata 20 kwa 20, jumla ni 13.33, na hapo usikimbilie kudai ugunduzi. Angalia kwanza mstari wa 2 na wa 3, kwa sababu nusu kwa nusu ndiyo alama ya kumpandisha Mm na mm, na mara nyingi utakuta umenakili mzazi asiye wake. Kumbuka pia kwamba mpaka huo huvukwa kwa bahati tu katika takriban uzao mmoja kati ya ishirini, hata kila kitu kikiwa sahihi.

Wingi wa vifaranga ndio unaotofautisha kazi nzuri na ya kubahatisha. Ukizalisha wanane tu kutoka kwa wazazi wawili walio Mm, uwezekano wa kukosa hata mmoja mwenye milia ni kama moja kwa kumi, na darasa lenye makundi kumi lina nafasi kubwa ya kuwa na kundi moja litakaloapa kwamba milia imepotea. Mendel, katika makala yake ya mwaka 1866, alihesabu mbegu za njegere 7,324, kati yake 5,474 zikiwa za mviringo na 1,850 zenye makunyanzi, ndipo akaona wazi kwamba uwiano unakaribia tatu kwa moja. Sisi tunaziburuta kwa kidole, kwa hiyo hatuna udhuru.

Hatua ya tano: ficha herufi na umtafute aliyebeba

Hapa ndipo ninapokaa na wanafunzi muda mrefu zaidi, kwa kuwa mfugaji wa kweli haoni herufi, anaona ngozi. Teua safu za D, E na F, uzifiche kwa Hide, na mtu mmoja tu awe na ruhusa ya kuzifungua. Fomula ya safu ya G haijui kwamba weusi hufunika milia, kwa hiyo kila mwenye 2 katika safu ya H afutiwe neno lake la safu ya G. Kuanzia sasa darasa linaona namba ya samaki, wazazi wake na sura yake. Jinsia iandikwe pembeni kwa mkono ili wajue nani wa kupandishwa na nani.

Chukua dume asiye na milia kutoka kizazi cha pili. Anaweza kuwa MM au Mm, na katika kila watatu wa namna yake wawili huwa Mm. Jicho halitakusaidia. Mpandishe na jike mwenye milia, ambaye bila shaka yoyote ni mm, upate vifaranga kumi, na hakikisha hakuna mweusi mtupu kati ya wazazi hao wawili, ili weusi usije ukafunika unachokitafuta. Jike wa kijivu mwenye milia anafaa, lakini mweupe ni bora zaidi, kwa sababu mweupe hawezi kuzaa mweusi.

Mwaka jana tulimjaribu samaki namba 17, dume mweupe aliyekuwa kipenzi cha kundi moja. Vifaranga wake waliandikwa ubaoni mmojammoja: bila, bila, bila, bila, bila. Kundi lilianza kushangilia kwamba baba ni safi. Kifaranga wa sita akatoka na milia. Binti mmoja wa Bahi, ambaye kwao wanafuga mbuzi wengi, akasema, "Mwalimu, huyu alikuwa nayo siku zote. Kwetu mbuzi mweusi akizaa mweupe, baba yangu hashangai." Nikamjibu, "Sawa, mwanangu, lakini uandike pia kwamba watano wa kwanza walitudanganya." Uzao wa vifaranga watano wote bila milia kutoka kwa baba aliye Mm hutokea mara moja katika 32, na wa vifaranga kumi mara moja katika 1,024. Kwa hiyo kifaranga mmoja mwenye milia anatosha kuthibitisha kwamba baba amebeba, ilhali usafi wake hauthibitishwi moja kwa moja. Shaka hupungua tu kila kifaranga asiye na milia anapoongezeka, na mwalimu aamue mapema idadi atakayoridhika nayo. Mimi hutumia kumi.

Hatua ya sita: sifa mbili kwa pamoja

Rudi kwa ndugu wawili wa kizazi cha kwanza, wote Mm na Gg, na safari hii uwazalishie vifaranga 160. Kama weusi usingefunika milia, tungekuwa na makundi sita. Kwa kuwa unafunika, yanabaki matano, na matarajio yake ni haya: weusi 40, kijivu bila milia 60, weupe bila milia 30, kijivu wenye milia 20 na weupe wenye milia 10. Waache wanafunzi waikute namba 40 wenyewe. Wengi huhesabu wenye milia, wanapata kama 30 badala ya 40 waliotarajia, na huanza kuitilia shaka fomula. Wale kumi wanaokosekana wamo ndani ya weusi.

Namna ya kuwatoa ni kumpandisha kila mweusi anayeshukiwa na samaki mweupe mwenye milia. Vifaranga wote watakuwa wa kijivu, na kwa kijivu milia huonekana. Wakitoka wote na milia, mweusi yule ni mm. Wakitoka nusu kwa nusu, ni Mm. Wakitoka wote bila, hesabu ya hatua iliyopita inatumika.

Wapo watakaovutiwa na kijivu na kutaka tangi la kijivu watupu. Kupandisha kijivu kwa kijivu hakutawafikisha huko hata baada ya vizazi mia, kwa sababu robo watatoka weusi na robo weupe kila mara. Njia ni kuwaweka weusi tangi moja, weupe tangi jingine, na kuwakutanisha kila unapohitaji kijivu.

Hatua ya saba: doa la baba

Hii ni fupi. Mpandishe dume mwenye XD na jike yeyote, na wana wote wa kiume watakuwa na doa. Kisha mchukue binti yake, mpandishe na dume wa XY, na doa halitarudi tena katika uzao wake, hata ukizalisha elfu. Wanafunzi waliotoka kuona milia ikijificha na kurudi hutarajia doa lifanye vivyo hivyo, na wapewe nafasi ya kulisubiri kabla hawajaelezwa.

Kama unatumia mchezo uliotengenezwa tayari

Iko michezo ya kompyuta na simu inayokuwezesha kufuga na kupandisha samaki wa kuchora, na baadhi inavutia sana. Kwa somo hili shida yake ni kwamba kanuni za urithi zimefichwa na mtengenezaji, na huenda hazifanani na za samaki yeyote aliye hai. Hilo halikuzuii kuitumia, mradi uichukulie kama ziwa usilolijua. Pandisha jozi ileile mara nyingi, andika kila uzao, kisha pandisha watoto kwa watoto, na ujaribu kuandika kanuni inayoweza kutabiri uzao unaofuata. Ikiwa wazazi wale wale wawili daima hutoa mtoto wa sura moja, jua kwamba mchezo huo hutumia orodha ya majibu na haurushi sarafu, na uwaeleze wanafunzi hivyo.

Hatua ya nane, kwa walio na muda: acha samaki wachague wenyewe

Mpaka sasa sisi ndio tuliochagua nani apandishwe na nani. Katika Ziwa Victoria jike wa furu huchagua dume kwa kumtazama, na Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba pale maji yanapokuwa machafu na mwanga kupungua, rangi hazionekani vizuri na aina tofauti huanza kuchanganyikana. Hilo tunaweza kuliiga kwa namna nyepesi, tukiifuata milia peke yake.

Anza na samaki 120 wa kizazi cha pili, ambao kati yao 30 hivi wana milia, na uwagawie wanafunzi jozi 40, kila jozi itoe vifaranga watatu. Tangi la kwanza ni la maji machafu, na wazazi wa kila jozi huchaguliwa kwa bahati nasibu bila kuangalia sura. Tangi la pili ni la maji maang'avu, na hapo mwenye milia hupandishwa na mwenye milia, asiye nayo na asiye nayo, jozi zikigawanywa kwa uwiano wa idadi yao. Kila kizazi kinapokamilika, wazazi huondolewa na vifaranga 120 hushika nafasi zao.

Katika maji machafu matarajio ya wenye milia yatabaki 30 kizazi baada ya kizazi, ingawa hesabu halisi itayumba huku na huku. Katika maji maang'avu matarajio ni 40 katika kizazi kinachofuata, kisha 45, kisha 48. Wanafunzi wangu walipoona ongezeko hilo waliandika kwamba milia inashinda. Niliwaambia wafungue safu ya D na kuhesabu herufi moja moja katika matangi yote mawili. Walikuta herufi ndogo za m zikikaribia 120 kati ya 240 katika kila tangi, kama zilivyokuwa mwanzo, isipokuwa kwamba katika maji maang'avu nyingi zaidi zilikuwa zimekutana mbilimbili.